Mpangaji Aliyeniuliza Mwezi

Msiniulize alizaliwa wapi wala ni mwana wa nani. Miaka tisa alikaa chumba cha nne katika nyumba yangu ya Kariakoo, na mambo hayo sikuyajua, maana kila nilipotaka kumuuliza habari za kwao yeye alikuwa ameshaanza kunieleza habari za kaa. Namjua kwa yale aliyoyafanya, na hayo ninayo tele. Namjua pia kwa jambo moja nililomfanyia mimi. Alikuwa na kazi aliyoipenda kuliko kula, macho yake yakawa yanakufa polepole na hakumwambia mtu, na siku aliponihitaji kwa jambo dogo kabisa nilimdanganya. Nimeshazeeka sasa, sina wa kumwonea haya, nitalisema. Lakini kwanza mjue alikuwa mtu gani.

Kazi yake ilikuwa kutembeza wazungu baharini. Kaskazini ya mji palikuwa na hoteli pwani, na wazungu wa bara, wale wa mashamba ya kahawa na mkonge, walikuwa wakishuka kuja kupumzika na wake zao. Wengine walitaka kulala juani tu mpaka waive. Wengine walitaka kuona wanyama, na hao ndio wageni wa mpangaji wangu. Aliwapeleka mikokoni kutazama tumbili wanaokula kaa, akawaonyesha ndege mmoja mmoja kwa jina. Lakini hasa aliwapeleka mwambani. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mno, na mwamba ulio mbali na ufuo hubaki mkavu kama uwanja. Hapo mtu huvuka mkondo kwa miguu, maji yakimfika magotini, akatembea juu ya mwamba saa mbili nzima. Kuna viti vya pweza vyekundu, vya mikono mitano kama nyota, kuna mikunga mirefu kama nyoka inayochungulia mashimoni, kuna majongoo ya bahari yaliyolala kama soksi zilizosahauliwa. Hayo yote niliyajua kwa kuambiwa. Mimi mwambani sijawahi kufika.

Mjini alitembea pekupeku. Jua la Kariakoo linachoma mchanga mpaka mbuzi wanaruka, yeye anapita tu na miguu yake. Mwambani ndiko alikovaa viatu, katambuga za mpira wa gari, amezikaza kwa kamba. Nikamwambia, "Mzee, wewe mambo yako kinyume. Watu huvaa viatu mjini."

"Mjini naijua njia," akasema. "Kule nakanyaga nyumba za watu."

Watu, kwake, ni kaa na pweza na kauri. Jiwe la baharini likifunuliwa lazima lirudishwe vilevile, tumbo chini, kwa sababu waliokaa chini yake wakipigwa na jua wanakufa. Wageni hawakulijua hilo. Mgeni hufunua jiwe, akapiga kelele za furaha, akaliacha chali na kukimbilia jingine. Mpangaji wangu alikuwa anafuata nyuma akiyarudisha, moja moja, mgongo umepinda. "Umefungua mlango wa mtu, ufunge," ndivyo alivyowaambia, kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Tabia hiyo alikuja nayo mpaka nyumbani kwangu. Sufuria ikiwa wazi uani, atafunika. Mlango wa choo ukiachwa, atafunga. Siku moja alifunika chungu cha wali nilichokuwa nimekiacha wazi makusudi upoe, wali ukalowa mvuke, nikamfokea mbele ya wapangaji wote. Akaniambia pole, na kesho yake akakifunika tena.

Wageni walipenda kuchukua kauri, zile kubwa zenye madoa, zikiwa bado hai ndani. Hakuweza kuwakataza, wao ndio waliokuwa wakubwa. Basi akawa anawaambia kwa upole, "Chukua, bwana, ni yako. Ila atakufa ndani ya sanduku, na harufu yake itakusindikiza mpaka nyumbani, na mkeo atadhani ni wewe." Loo, wengi walizirudisha! Alipotusimulia alicheka mpaka akajishika mbavu. Lakini walikuwepo wasiojali harufu, wakajaza vikapu. Siku hizo alirudi nyumbani kimya, akala nusu, akaingia chumbani. 

Na kuogelea hakujua. Ndiyo, mtu wa bahari, kuogelea hajui! Tena hali pweza. Wanawake wa nyumba wakileta pweza kutoka Feri, wakampiga juu ya jiwe uani ili alainike, yeye anavaa kofia anatoka kwenda zake Mnazi Mmoja mpaka chakula kiishe. Mama Mchaga wa chumba cha pili, mke wa fundi cherehani, alikuwa akimtania: "Mzee, huyu si yule rafiki yako, huyu ni wa shimo jingine." Alicheka, lakini alitoka vilevile.

Kulikuwa na darubini. Mgeni mmoja aliyefurahi sana alimzawadia, nzuri, ya ngozi na shaba. Akaitundika msumarini juu ya kitanda. Mimi na wapangaji wote tulikuwa tukiiazima kutazamia watu wa mtaa wa pili, tuone nani kamtembelea nani, ila mwenyewe sikumwona hata mara moja akiiweka machoni. Nikamuuliza mbona haitumii. Akajibu, "Mimi naona kwa miguu, mwenye nyumba." Nikadhani ni maneno yake ya mikogo.

Sasa nikikumbuka dalili zote zilikuwa pale, natamani nijipige. Asubuhi moja alitoka chumbani kwake, akasimama mbele ya kanga yangu iliyoanikwa kwenye kamba uani, akasema kwa heshima zake zote, "Mwenye nyumba, umeamkaje?" Kanga ikapepea. Akasema, "Alhamdulillahi." Mimi na mama Mchaga tulikuwa jikoni. Jamani, tulicheka! Tulicheka mpaka mama Mchaga akakaa chini kwenye majivu. Yeye akageuka kwa ile sauti ya kicheko, kisha akacheka pamoja nasi na kusema, "Nilitaka nione kama mtaamka na furaha." Tukamwona mcheshi ajabu. Kwa mwezi mzima nyumba nzima ikawa inaamkia kanga.

Na kulikuwa na jambo la mwezi.

Kazi yote ya mwambani ni hesabu ya mwezi. Maji ya kupwa huchelewa kila siku karibu robo tatu ya saa. Ukijua leo ni mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu uandame, unajua maji yatapwa saa ngapi na yatageuka saa ngapi kurudi. Hotelini kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa yenye saa za maji, imebandikwa ukutani, lakini wageni walipomlinganisha nayo mara kadhaa wakaona mzee hatofautiani nayo, waliacha kuitazama. Yeye alijivuna kwa hilo. "Karatasi yao inaoza," alisema, "mwezi hauozi." Basi kila ikifika jioni ya tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa kuandama, baada ya Magharibi, alikuja kwangu barazani. "Mwenye nyumba, umeandama?"

Mimi nilidhani ni heshima. Nilidhani kwa kuwa nyumba ni yangu ananipa mimi haki ya kuuona wa kwanza. Nikawa nanyanyuka, najifunga kanga vizuri, natoka katikati ya njia palipo wazi, natazama magharibi juu ya mabati. Nikiuona namwambia umeandama. Nisipouona nasema bado, naye husema, "Basi tukamilishe thelathini," kama sheria ilivyo, akaenda kulala. Miezi mingi tulikwenda hivyo. Nilipenda. Mjane mwenye nyumba ya vyumba sita huulizwa habari za bati linalovuja na choo kilichojaa. Hakuna anayemuuliza habari za mwezi.

Uliokuwa ukingojwa ni wa mfungo tano, mwezi ambao hauna Idi wala Maulidi, hakuna anayeuhangaikia. Jumatano jioni. Mvua ilikuwa imeshuka ghafla kutoka upande wa magharibi, bati linalia, na mimi nilikuwa na samaki kikaangoni, na mafuta yananirukia, na wapangaji wawili wanagombania kamba ya kuanikia nguo, kila mmoja ananiita nikaamue. Akaja mlangoni mwa jiko. "Mwenye nyumba, umeandama?"

"Umeandama, mzee, nimeuona," nikasema. Hata sikugeuka.

Alikaa pale kitambo kidogo. Nilimsikia anapumua. Halafu akasema, "Ahsante," akaenda.

Kesho yake, Alhamisi, mbingu zilikuwa safi. Nilikuwa barazani na mama Mchaga tunachambua mchele, yeye akanigusa bega. "Tazama, mwezi wenu ule umezaliwa." Nikainua macho. Kweli, juu ya bati la nyumba ya mbele, mwembamba kama kipande cha ukucha, umekaribia kuzama. Ni mwezi wa siku ya kwanza, hata mtoto angejua. Nikajua pale pale kwamba jana haukuwepo. Nikasema moyoni nitamwambia mzee akirudi. Alirudi nikiwa na mgeni. Nikasema nitamwambia asubuhi. Asubuhi ilikuwa Ijumaa, siku ambayo hakwenda kazini, na hata nilipomwona anatoka na kanzu yake kwenda msikitini nilimwamkia tu, nikamwacha apite. Nilijiambia, ala, si ana macho? Jana mwezi wote ule angani, si ameuona mwenyewe? Tena nitaanzaje kumwambia mtu mzima kwamba nilimdanganya kwa sababu ya samaki? Nikakausha.

Yaliyotokea Jumamosi nilisimuliwa na dereva wa gari la hoteli, kijana wa Ilala, siku hiyo hiyo alasiri, kabla mzee hajarudi.

Walikuwa watatu: bwana mmoja wa bara, mkewe, na mama mzaa mkewe, bibi kizee mwenye kofia ya majani. Mzee akawavusha mkondo vizuri, akawapeleka mpaka ukingo wa mwamba, mbali. Walikuwepo wanawake wa pweza, wale wanaowawinda mashimoni, na hao wakaanza kurudi ufukoni. Wakampitia. Mmoja akamwita, "Mzee, twende, maji hayo!" Yeye akawajibu kwa kujiamini, "Bado, mama zangu, bado robo tatu ya saa." Wakacheka, wakaenda zao, maana nani angemfundisha yule habari za maji? Akaendelea kuwaonyesha wageni kiti cha pweza, akawa anarudisha mawe.

Dereva alikuwa ufukoni. Aliona mkondo nyuma yao unajaa. Alipiga honi, alipiga kelele, upepo ukamrudishia sauti yake. Kumbe mwamba huwa juu, unabaki mkavu mpaka mwisho, na mkondo ulio nyuma yako unajaa kimyakimya. Mtu mwenye macho hugeuka akauona. Walipogeuka wenyewe, bwana yule akapiga ukelele. Wakaanza kukimbia. Maji yakawafika kiunoni, kisha kifuani, na mkondo unavuta. Yule bibi kizee akabebwa mgongoni na mkwewe, akateleza, akameza maji. Na hapo, dereva aliniambia huku amejishika kichwa, hapo mzee alisimama katikati ya maji, akanyoosha mikono kama anayetafuta ukuta gizani, akawauliza wageni wake:

"Pwani iko wapi? Niambieni, pwani iko upande gani?"

Mchana kweupe. Pwani iko mbele ya pua yake, minazi mizima imesimama.

Dereva alivua shati akaingia, na wanawake wawili wa pweza wakatupa vikapu wakaingia naye. Waliwatoa wote. Bibi kizee alitapika maji, akapona. Mzee walimvuta kwa mkono, katambuga moja imepotea. Mkubwa wa hoteli akaja, akampungia mkono mbele ya uso, mara ya kwanza, mara ya pili. Mzee hakupepesa. Basi, ikawa imekwisha hapo. Walimwambia aende nyumbani asirudi.

"Lakini mama, kitu kimoja sielewi," dereva akaniambia. "Macho sawa, amekuwa kipofu sijui tangu lini na kazi anafanya. Hesabu je? Asubuhi tukienda, njia nzima garini alikuwa anasema leo mwezi tatu, leo mwezi tatu. Hesabu yake haijawahi kukosea."

Nilikuwa nimeshika upawa. Nikakaa nao kwenye kizingiti. Leo ilikuwa mwezi pili. Ile siku moja niliyomwongezea ndiyo ile robo tatu ya saa iliyompotea, na hilo nililijua mimi peke yangu. Dereva akaniuliza kama naumwa, nikasema ni jua.

Mzee alifika kabla ya Magharibi, kiatu kimoja mguuni, kingine hana. Nikatoka. "Pole, mzee."

"Tumeshapoa, mwenye nyumba."

Hakuniuliza lolote. Nilingoja aniulize. Wallahi nilitamani anigeukie aseme wewe mwanamke umeniua. Aliingia chumbani, akafunga mlango taratibu kama anavyofunga milango yote. Alikaa miezi miwili baada ya hapo, barazani kutwa, akisikiliza wapita njia. Nilimpikia. Nilimfulia. Kila sahani niliyompelekea nilikuwa nimepanga kumwambia, na kila sahani nilirudi nayo tupu bila kusema.  Tarehe ishirini na tisa zilikuja mara mbili, na hakuniuliza mwezi.

Siku mtoto wa dada yake alipokuja kumchukua kumpeleka ng'ambo, Kigamboni, aliniita chumbani. Alikuwa ameshika darubini. "Kaa nayo wewe," akasema. "Wewe ndiye mtazamaji." Sikujua kama ananipa zawadi au ananipiga kofi. Niliipokea kwa mikono miwili.

Ilinichukua mwaka na zaidi kupiga moyo konde. Nikavuka maji pale Magogoni siku moja na darubini imefungwa ndani ya kanga, nimejiapia sirudi nayo. Nilimkuta nje ya nyumba ya mpwa wake, amekaa kwenye kigoda, macho yamekuwa meupe kama maji ya mchele. Mbele yake palikuwa na vigae vya chungu kilichovunjika, amevipanga mstari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwenye nyumba! Umenona, hatua zako nzito."

Tulicheka. Tulikula. Akaniuliza mama Mchaga, akaniuliza bati la chumba cha nne. Jua likawa linashuka na mimi bado sijasema, na mwenye mtumbwi wa kunivusha nilikuwa nimepatana naye baada ya Magharibi. Nikamshika mkono. Nikasema yote kwa mara moja, kama mtu anayetapika: "Mzee, mwezi ule sikuutazama. Sikutoka jikoni. Nilikudanganya, na kesho yake niliuona nikanyamaza."

Hakutoa mkono wake. "Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mvua ilikuwa inatoka magharibi. Bati lote linalia. Utauona wapi mwezi kwenye mvua?"

Nikaanza kulia. "Sasa kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukuniuliza tena?"

"Ningekuuliza tena ungesema, mzee, mvua hiyo imekatika, toka ukatazame mwenyewe. Na ningekosa la kukujibu. Nikasema moyoni, labda aliuona mapema, kwenye mwanya wa mawingu. Huyu hajawahi kunidanganya."

Nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, mpwa wake akatoka kutazama kuna nini. Mzee alinipigapiga mkono kama anayembembeleza mtoto. Sikuwa na cha kumrudishia. Macho siwezi, kazi siwezi, hata kile kiatu siwezi. Akainama, akapapasa vile vigae mstarini, akavihesabu kwa kidole mpaka mwisho. Vilikuwa ishirini na tisa. Kumbe alikuwa bado anahesabu, mwezi baada ya mwezi, saa za maji ya mwamba ambao hataukanyaga tena.

"Leo ndiyo siku yake," akasema. "Nenda kanitazamie."

Nikatoka mpaka pale ardhi inapoishia, ambapo unaona mji wote ng'ambo na mbingu nyuma yake. Nilitazama kwa macho, nikatazama kwa darubini, kutoka upande huu mpaka ule, mara ya tatu na ya nne, mpaka shingo ikauma na wekundu wote ukaisha. Mwenye kunivusha aliniita mara mbili, nikamwambia angoje.

Nikarudi. "Sijauona, mzee."

"Umetazama?"

"Nimetazama."

Akachukua kigae kimoja kilichokuwa pembeni, akakiweka mwisho wa mstari, tumbo chini.

"Basi tukamilishe thelathini," akasema.